Ndani ya dashibodi kuna nini?

Saa tatu kasoro usiku, Sinza, nje ya duka la dawa. Ufunguo uko kwenye swichi, nauona kabisa kupitia kioo, na milango yote minne imejifunga. Alamu ya gari langu ilifungwa na fundi wa mtaani miaka mingi kabla sijalinunua, na ina tabia zake kama kuku wa kienyeji: siku ikitaka inatii, siku isipotaka inajifungia. Nilishuka kununua dawa ya kikohozi ya mtoto, sikumaliza hata dakika tano.

Muuza duka akanipa namba ya fundi funguo. Baada ya robo saa bodaboda ikamshusha mzee mmoja mwenye begi la shule mgongoni. Nikamwamkia, akaitikia, akamulika namba ya gari kwa tochi ya simu. Nikadhani sasa anafungua begi. Akaniuliza kadi ya gari iko wapi.

"Nyumbani, mzee."

"Ina jina lako?"

Hapo nikababaika. Gari hilo, IST ya mwaka 2004, nimelinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Mkataba wa mauziano ninao, wa wakili na muhuri wake, lakini kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza, bwana ambaye sijawahi kumuona na sijui kama yuko hai. Nikamweleza hivyo. Hakushangaa. Akauliza tena, taratibu, kama daktari anayeuliza umeanza kuharisha lini: "Na ndani ya dashibodi kuna nini?"

Nilikasirika. Mtoto anakohoa nyumbani, watu wa genge la pembeni wameshaanza kugeuza shingo, na mimi nahojiwa kuhusu gari ninalolilipia mafuta kila siku. Nikamjibu kwa mkato: risiti za mafuta, miwani ya jua, mwavuli mdogo mweusi. Akapiga magoti, akafanya kazi yake, dakika mbili hazikutimia mlango ukaitika. Nilipotaka kuingia akaninyooshea mkono nisubiri. Akafungua dashibodi mwenyewe, mimi nikiangalia. Risiti zipo. Miwani ipo. Mwavuli hakuna. Badala yake kuna kiatu kimoja cha mtoto.

"Mwavuli?"

"Mama watoto atakuwa ameuchukua."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Anayejua kila kilichomo kwenye gari lake huwa simwamini sana," akasema, akatoa kauntabuku, akaandika jina langu, simu, namba ya gari, mahali na saa, akanipa kalamu nisaini. Elfu thelathini. Akapanda bodaboda nyingine, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nimenuna, na siku ya pili ndipo nilipoanza kuona jambo lenyewe. Kwa karatasi, mimi ndiye niliyekuwa mwizi pale. Kadi ina jina la mtu mwingine, kitambulisho changu hakifanani na chochote, ni usiku, nina haraka, na nimejibu kosa swali moja kati ya matatu. Fundi angefuata kanuni anayofundishwa kila mtu, kwamba mali ni ya aliyeandikwa kwenye kadi, angeniacha pale. Angefuata kanuni ya mtaani, kwamba mwenye pesa ni mteja, angenifungulia mimi na angemfungulia yeyote. Hakufuata hata moja. Mjadala wetu kuhusu mafundi hawa haujawahi kufika alipofika yule mzee na kauntabuku yake.

Kila gari linapoibwa mtaani, mtu wa kwanza kusutwa ni mchonga funguo. Ni rahisi kumpata, ana meza, ana mwavuli, yupo pale pale tangu mwaka juzi. Lakini tujiulize kidogo: hivi kweli mwizi wa magari anapiga simu kwa fundi, anasubiri robo saa chini ya taa ya duka la dawa, anahojiwa, anasaini? Wanaoiba saiti mira, taa na swichi za madirisha, vitu ambavyo kesho yake unaweza kuvikuta vinauzwa na ukavinunua upya, hawahitaji fundi wa kuwafungulia. Ndiyo maana nusu ya magari ya Dar es Salaam yameandikwa namba zake kwenye kila kioo na kila taa, kama sare za shule. Wanaobeba gari zima nao wana njia zao. Mgeni kabisa anayemwendea fundi wa mtaani ili afunguliwe gari la mtu asiyemjua yupo, sikatai, ila ni nadra, na huyo ndiye rahisi kumnasa.

Mteja mgumu ni mwenye nusu ya haki.

Mume anakuja na gari la mkewe. Si mwizi, gari linalala kwake, mafuta ya mwezi uliopita ameweka yeye. Anataka lifunguliwe wakati mke yuko kazini kwa sababu kuna simu ya pili anaamini imefichwa chini ya kiti. Fundi afanye nini? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, na kifungu chake cha 60 kinaanza na dhana kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo hata "ni mke wangu, kwani nini?" haitoshi. Mtaani lakini inatosha, na zaidi ya kutosha, kwa sababu fundi naye ni mume wa mtu na hataki kuingia kati ya kitanda na shuka. Mzee wa watu anafungua. Kitakachofuata jioni ile nyumbani hakimo kwenye bei ya elfu thelathini.

Anakuja mdogo wa marehemu. Msiba una siku nne, matanga hayajaondolewa, Noah ya marehemu imepaki uani na ufunguo uko kwa mjane aliyejifungia chumbani. "Sisi ni familia," anasema, na si uongo, ni familia kweli. Lakini mali ya marehemu haina mwenyewe mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi ana barua yenye muhuri. Asiye na barua ile ana huzuni na undugu, basi. Nimeshuhudia ukoo ukivunjika kwa sababu ya gari lililochongewa ufunguo mpya kabla ya arobaini. Fundi aliyechonga hakuwa na ubaya wowote. Alitoa pole, akapunguza bei.

Anakuja dereva wa bosi. Anakuja mtoto wa miaka kumi na tisa na gari la baba aliye safarini. Anakuja kijana wa kampuni ya mikopo, ana kadi halisi ya gari mkononi kwa sababu wanaokopa kwa dhamana ya gari huacha kadi kwa mkopeshaji, na mkopaji mwenyewe, anayeliendesha gari kila siku, ana fotokopi. Hapo karatasi imegeuka kabisa: mwenye kadi si mwenye gari, na mwenye gari hana kadi. Nairobi wamelinyoosha hili kidogo. Gari la mkopo wa benki huandikishwa kwa majina mawili, la benki na la mkopaji, ili ijulikane wazi kwamba wako wawili. Ila hata huko wakala akija peke yake saa tano usiku akitaka Probox ifunguliwe "kwa niaba ya benki", fundi anaangalia haki ya kweli iliyopanda mgongo wa utaratibu wa uongo.

Wapo pia wakodishaji. Hawa ndio wanaonitisha kuliko wote. Mtu anakodi gari siku mbili, lina ufunguo wake halali, hakuna cha kuvunja wala kulazimisha. Mchana wa siku ya pili anapita kwa fundi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nichongee ya akiba." Gari lipo, ufunguo upo, mteja amekaa kwenye kiti cha dereva. Hakuna kitu hata kimoja cha kutilia shaka. Gari linarudishwa salama, mwenye gari anashukuru, na baada ya wiki tatu linatoweka mbele ya nyumba yake bila kioo kuvunjika. Vijana wa kuosha magari, mafundi gereji, walinzi wa maegesho, wote hukabidhiwa ufunguo kwa saa nzima bila mtu kuwauliza. Nakala inachukua dakika chache.

Sasa rudi kwa yule mzee wa Sinza. Mimi alinifungulia bila kadi. Alijua anafanya nini, maana kufungua mlango ni kazi moja na kutengeneza ufunguo ni kazi nyingine, ingawa zinafanywa na mtu yule yule kwa begi lile lile. Mlango ukifunguliwa mbele ya watu, fundi yupo, taa zipo, na tukio linaishia pale pale. Ufunguo mpya unaondoka mfukoni mwa mtu na unafanya kazi kesho, mwezi ujao, mwakani, mahali ambapo fundi hayupo na hata hatajua. Watu wengi wanaoandika juu ya usalama wa magari huzichanganya kazi hizi mbili, wanataka ukali ule ule kwa zote, na matokeo yake ukali hauwepo popote.

Tofauti hiyo imekua zaidi tangu funguo zipate chip. Nchi za Ulaya zililazimisha magari mapya ya abiria yawe na kifaa cha kuizuia injini kuanzia Oktoba 1998. Kanada ikafuata Septemba 2007. Chip iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo inazungumza na kompyuta ya gari, zisipotambuana injini haiwaki hata ufunguo ugeuke. Marekani haikulazimisha, na ilikuja kulipia: magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa kule kwa miaka kadhaa mpaka 2021 hayakuwa na kifaa hicho, video zikasambaa mtandaoni, na watoto wa sekondari wakaanza kuyabeba kama baiskeli. Mwaka 2023 kampuni hizo zilikubali kulipa takriban dola milioni 200 kumaliza kesi ya wateja.

Kwa gari lenye kifaa hicho, kufungua mlango hakumpi mtu gari. Kinachompa gari ni yule anayekaa na kompyuta ndogo, anachomeka waya chini ya usukani na kuifundisha kompyuta ya gari kuukubali ufunguo mgeni. Vifaa hivyo vinatoka China, vinaagizwa kwa simu, vinafika kwa posta. Kwa gari kama langu, IST ya zamani yenye ufunguo wa chuma mtupu, hata hiyo kompyuta haihitajiki. Mashine ya kuchonga na kipande cha chuma vinatosha. Kwa hiyo magari ya bei nafuu, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, ndiyo yanayotegemea zaidi dhamiri ya mtu mwenye meza. Mwenye gari la milioni mia mbili analindwa na chip. Mimi nalindwa na mzee wa kandambili.

Amerika wamejenga utaratibu wao juu ya tofauti hii hii ya kufungua mlango na kutengeneza ufunguo, na unastahili kuangaliwa. Kuna rejista ya mafundi inayosimamiwa na taasisi iitwayo NASTF. Fundi aliyemo kwenye rejista ndiye anayeweza kupata kutoka kwa watengenezaji misimbo ya ufunguo, yaani namba zinazoonyesha jinsi ya kuuchonga, na namba za siri za kompyuta ya gari, na kwa kazi hiyo lazima ajaze fomu, wenyewe wanaiita D1, inayothibitisha kwamba amekiona kitambulisho cha mteja na usajili wa gari na kwamba mteja ametoa idhini. Fomu hiyo inalinda msimbo. Uingereza, kinyume chake, haina leseni ya serikali ya ufundi wa vitasa. Kuna chama cha hiari, na yeyote anaweza kuamka kesho akajiita fundi. Kilichowashitua wao ni vifaa vya kunasa mawimbi ya rimoti, hivyo Februari 2025 serikali ilipeleka bungeni mswada wenye adhabu ya hadi miaka 5 jela kwa kumiliki vifaa vya namna hiyo kwa ajili ya wizi wa magari.

Nikisema haya huwa kuna mtu anadakia: basi na sisi tuwape leseni! Mimi sina haraka hiyo. Najua jinsi leseni inavyotembea kutoka kwenye gazeti la serikali mpaka kwenye meza ya Kariakoo. Inafika ikiwa imebadilika kuwa mtu mwenye kitambulisho cha shingoni anayepita kila Ijumaa. Fundi mwaminifu atailipia, fundi mwizi ataipitia pembeni, na mimi mteja nitaongezewa elfu kumi. Kingine: leseni inamwambia fundi ni nani anayeruhusiwa kuchonga, haimwambii amchongee nani, na swali gumu ni hilo la pili.

Sheria ya kumfunga mchonga funguo anayeshirikiana na wezi ipo zamani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 22, inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayefanya jambo kwa nia ya kumwezesha mwingine kutenda kosa. Kenya ina kifungu cha 278A, wizi wa gari, hadi miaka 7, na cha 322, kushughulikia mali ya wizi, hadi miaka 14. Mgogoro huwa kwenye neno kujua. Fundi atasema sikujua. Mahakama haiwezi kumpasua kichwa iangalie, inaangalia mazingira. Ulilipwa mara tatu ya bei? Uliitwa kichochoroni? Hukuuliza swali lolote? Kutouliza, watu wengi hudhani ni kinga: nisipouliza sitajua, nisipojua sina kosa. Mbele ya hakimu huweza kugeuka kuwa ndiyo ushahidi wenyewe.

Na kabla ya hakimu kuna kituo. Pale fundi hana haja ya kuwa na hatia ili alale ndani. Gari limeibwa, mtu amesema lilifunguliwa na fundi wa pale mnazi, basi twende. Usiku ule kitu kinachomtetea ni kauntabuku: tarehe, saa, jina, simu aliyoipigia kwanza kuhakikisha inaita mfukoni mwa mteja, saini, na picha ya mteja akiwa amesimama kando ya namba ya gari. Mteja mwenye nia mbaya anapoona kalamu inatoka, mara nyingi anakumbuka kuna mahali ana haraka ya kufika. Mwenye nusu ya haki naye anapunguza mwendo. Mdogo wa marehemu anayejua jina lake litabaki kwenye daftari anaweza kuamua kumngoja mjane atoke chumbani.

Hapa lakini nina ugomvi kidogo na mzee wangu. Niliiona ile kauntabuku. Kurasa zimekunjamana, ziko wazi, na katika baadhi ya mistari ameandika msimbo wa ufunguo pembeni ya namba ya gari na simu ya mwenyewe. Daftari la namna hiyo likiibwa pale mezani wakati fundi ameenda kuswali, mwizi amepata orodha ya magari, funguo zake na mahali yanapolala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini sidhani kama kuna mtu ameenda kumsomea mzee chini ya mwavuli. Haihitaji semina. Andika jina, namba na saa. Msimbo wa ufunguo usiuandike popote, ukishachonga utupe. Daftari lililojaa lipelekwe nyumbani, lisifungiwe maandazi.

Kuna jambo lingine tunalopenda kuamini na halina ukweli mkubwa: kwamba fundi mzoefu anamjua mwizi kwa sura. Nimewauliza mafundi watatu au wanne, kila mmoja anajiamini, na kila mmoja ana dalili zake. Mmoja anamwogopa anayetetemeka. Mwingine anamwogopa asiyetetemeka. Ninachokiona mimi ni kwamba kijana mwenye rasta na kaptula anahojiwa mpaka jina la bibi yake, na mwenye suti na lafudhi ya ofisini anaitwa mheshimiwa na kufunguliwa. Mwanamke aliyefungiwa nje ya gari lake anaulizwa mumewe yuko wapi. Wakodishaji ninaowaogopa wengi huja wamenyoa vizuri na kunukia. Swali la dashibodi lina ubora wake hapo: linaulizwa kwa wote, halina aibu kwa mtu, na jibu lake liko ndani ya gari. Hata likijibiwa kosa, kama nilivyojibu mimi, linaonyesha kosa la aina gani. Mwenye gari anasahau mwavuli. Hasahau kila kitu.

Nalo lina mahali linapokoma. Ukifika ukakuta mtoto yuko ndani, usiulize dashibodi, usiulize kadi, usiulize lolote. Gari lililofungwa juani hupanda kiasi cha digrii 10 ndani ya dakika 10 za kwanza, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Fungua, au vunja kioo kilicho mbali naye, na mwingine apige 114 kwa Zimamoto. Mambo ya nani ni nani yatazungumzwa mtoto akiwa kivulini anakunywa maji. Mafundi niliozungumza nao hawakubishana kwa hili, na wengine hawachukui hata pesa.

Kwa yote mengine kuna kukataa, na kukataa kwetu ni sanaa. Fundi wa Kiswahili hamwambii mtu mzima "nakushuku". Atasema mashine imegoma, chaji imeisha, ufunguo mtupu wa kuchongea gari hili unafika Jumatatu, pita baadaye. Zamani niliuona ni woga. Siku hizi nadhani ni busara ya mtu anayefanya kazi peke yake usiku, hana kinga yoyote isipokuwa ulimi. Tatizo la uongo huo mtamu ni kwamba unaishia kwenye meza yake. Aliyeambiwa mashine imegoma anasogea hatua kumi, kwenye mashine ambayo haijagoma. Wale wenye kundi la WhatsApp huandikiana: Noah nyeusi, namba fulani, jamaa anataka ufunguo, familia haijaelewana. Hiyo inasaidia kuliko mabango yote ya tahadhari niliyowahi kuona, lakini inategemea kila mwenye meza awemo kwenye kundi, na asiyekuwemo huwa ndiye mwenye njaa zaidi.

Mwezi mmoja baada ya usiku ule wa Sinza nilimtafuta mzee mchana, kwenye meza yake. Nilitaka ufunguo wa akiba, nisije nikafungiwa tena. Gari nilikuwa nalo, ufunguo mkononi, siku hiyo hata mkataba wa wakili niliubeba. Akanitazama, akafungua kauntabuku, akarudi nyuma kurasa kadhaa, kidole kikashuka mpaka kwenye mstari wangu.

"IST. Ulisema mwavuli, tukakuta kiatu."

"Ndiye mimi, mzee. Nichongee ya akiba."

"Kadi umebadilisha?"

Sikuwa nimebadilisha. Nikaanza kumweleza habari za foleni, za mtandao, za yule bwana wa kwanza ambaye hapatikani. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akafunga daftari.

"Kufungua nilikufungulia," akasema. "Kuchonga, lete kadi."

Nikamshukuru, nikageuka nikiwa nimekasirika tena, hasira ile ile ya duka la dawa. Meza ya tatu kutoka kwake kulikuwa na kijana anachezea simu, mashine yake mpya inang'aa. Aliona ufunguo mkononi mwangu kabla sijafungua mdomo.

"Nakala, bosi? Moja au mbili?"